Ini la Asiyekunywa

Mshonaji yule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyokunja pindo la suruali usilione, hakuwa mtu wa kushuku ovyo. Miaka kumi na tisa alikaa na mumewe seremala bila kumpekua mfuko hata mara moja. Kilichomharibu ni karatasi ya hospitali.

Mumewe aliiweka juu ya kabati, akasema tu, "Wameona ini lina mafuta," akaenda kuoga. Mama Pindo akaichukua mpaka kwa muuza dawa wa jirani.

"Ini la mafuta?" alisema yule bwana bila kuinua kichwa. "Mwambie apunguze chupa, shemeji."

"Hanywi."

"Haya."

Ile "haya" ilimwingia kama mwiba. Tangu siku hiyo akawa ananusa mashati. Yalinuka vanishi, na nani asiyejua kwamba harufu kali huficha nyingine? Alizuka karakana bila taarifa, akafungua kila chupa rafuni mpaka kichwa kikamzunguka. Pombe hakuiona. Badala ya kutulia akazidi kuwasha moto: mlevi mzoefu haachi ushahidi. Mume akipiga mluzi, kalewa. Akinyamaza, ana uchovu wa jana.

Kisha zikaja Jumamosi tatu mfululizo ambazo seremala aliaga kwamba anakwenda kupima milango ya mteja, na futi yake kaiacha mezani. Ya nne, mkewe alifunika cherehani akamfuata kwa mbali, akamwona anaingia kwa dada yake. Akasukuma mlango bila hodi.

Kaka na dada walikuwa wameinamia karatasi mbili za vipimo kama watoto wa shule.

"Unanifuata?" mumewe akauliza.

"Nakufuata. Unakunywa wapi?"

Wifi yake aliangua kicheko, kikamkatikia njiani. "Huyu? Akinusa bia anapiga chafya. Kaka, mwambie mkeo. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Ndipo seremala akasema. Damu yake ilikutwa na virusi vya homa ya ini, aina ya C. Zamani, kabla hawajaoana, msumeno ulimkata mkono akaongezewa damu. Huenda viliingia hapo. Daktari alitaka na ndugu zake wapimwe ini, na Jumamosi zote hizo alikuwa akimbembeleza dada akubali. Dada hakuwa na virusi, wala hakuwahi kunywa, lakini naye ini lilikuwa na mafuta.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimevitoa kwa nani."

Na kweli, ndivyo Mama Pindo angeuliza.

Jumatatu walikwenda hospitali wote watatu, naye akamhoji daktari kama askari.

"Hata hivi vya C vina aina zake ndogo," daktari alimjibu. "Aina aliyonayo mumeo hujaza mafuta kwenye ini yenyewe, bila tone la pombe. Halafu kuna la kurithi. Wapo wanaozaliwa na ini linaloshika mafuta upesi, na nadhani ukoo huu ni mmojawapo."

"Unadhani?"

"Virusi tumevipima, mama. Urithi naukisia kwa huyu wifi yako."

Jibu hilo alilipenda. Mtu aliyekiri kwamba anakisia hakuwa anamdanganya. Akatoa mkono naye apimwe, akakutwa salama.

Seremala alimeza vidonge wiki kumi na mbili. Miezi mitatu baadaye virusi havikuonekana tena. Mafuta yalikuwa yamepungua sana, ila hayakuisha.

"Yaliyobaki?" Mama Pindo akauliza.

"Hayo huenda ni ya ukoo. Hayana kidonge. Atembee, ale kwa kiasi."

Njiani alimwomba mumewe radhi. Mume akasema wamelingana: mmoja alificha, mwingine alichungulia.

Lakini jioni, mezani, binti yao alipojimiminia soda ya pili, Mama Pindo alimtazama kwa muda mrefu, usoni, kisha tumboni.

"Mama, vipi?"

"Kesho sifunui cherehani mapema," alisema. "Tunakwenda ukapimwe ini."