Kiangazi Alichokuja Shangazi Raheli

Harufu ya giligilani mbichi ndiyo hunirudisha Lushoto. Shada moja tu likipita chini ya kisu, mara nina miaka tisa tena, niko uani kwetu nyuma ya soko, shule zimefungwa, na jua la Januari linanichoma mgongo. Ninyi mliokulia pwani mtacheka nikiita hicho kiangazi, maana jioni tulivaa masweta. Lakini kwetu kilikuwa kiangazi hasa: pichi na plamu zilijaa sokoni mpaka wauzaji wakawa wanatuita wenyewe tuonje, na kila ua ulikuwa na jiko lililotolewa nje.

Ilikuwa ile miaka ya Ujamaa. Kiangazi kimoja alikuja kwetu Shangazi Raheli, dada mkubwa wa baba, kutoka Mgwashi. Alishuka kwenye basi na kitenge kimoja kilichofungwa fundo, basi. "Shangazi yenu amekuja kupumzika," baba alisema, na sauti yake ilituonya tusiulize zaidi.

Alipumzika kweli. Alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa jiko tangu asubuhi. Nikimwamkia, "Shikamoo shangazi," aliitika, "Marahaba mwanangu," kisha kimya. Chakula alikigusa matonge mawili akanawa. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya maharage ya mama, ambayo, Mungu amrehemu, yaliungua mara nyingi kuliko yalivyoiva. Niliona aibu kwa niaba ya nyumba yetu.

Siku ya nane au ya tisa akaja Mama Zahara, jirani wa mlango wa pili, ambaye mumewe alilima bustani Malindi, kijiji cha huku huku milimani. Alikuwa na kikapu cha njegere mbichi. Akakaa chini mbele ya shangazi bila kukaribishwa.

"Wifi, onga makeo," alimwamkia kwa Kisambaa. "Nisaidie mwenzio. Njegere hizi nikizipika mimi zinakuwa ngumu kama changarawe."

Shangazi alizitazama muda mrefu. "Unatia chumvi mapema," alisema mwishowe.

"Kumbe!" Mama Zahara akapiga makofi. "Miaka yote hii! Basi nionyeshe."

Shangazi akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa na haraka. Alimenya, akachemsha, akaweka nazi ambayo Mama Zahara aliletewa na nduguze wa Muheza, na mwisho kabisa akakatia giligilani bila kukitazama kisu. Ua mzima ulinukia. Kesho yake jirani mwingine akaleta kabichi, akilalamika kwamba kwake hutoa maji. Wa tatu alileta unga wa muhogo, eti bada yake, ule ugali wa muhogo, ina madonge. Nilistaajabu sana. Wanawake wa mjini wote hawa, na hakuna anayejua kupika! Niliwahurumia waume zao.

Mtaa wetu wakati huo ulikuwa unajenga chekechea kwa msaragambo. Kila Jumamosi wanaume walibeba matofali na wanawake walipika, Waislamu na Walutheri sufuria moja. Sasa upishi wote ukawa chini ya shangazi. Jengo lilipokamilika, chokaa ya kupaka kuta haikupatikana, kama vitu vingi miaka ile. Mama Zahara akauliza, kana kwamba amekumbuka tu, "Wifi, kule Mgwashi si ulikuwa unaipamba nyumba yako kwa udongo?"

Mama akaacha kukoroga. Kisha shangazi akatugeukia sisi watoto: "Leteni ndoo."

Alitupeleka kwenye kingo za kijito, akatuonyesha udongo mweupe, wa njano, na mwekundu uliokaribia zambarau. Tulirudi tumechafuka kiasi kwamba mama alitukataza kuingia ndani. Aliuchanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ushike, akatufungia vitambaa kwenye vijiti. Yeye alichora mahindi, mianzi, na ndege wenye mikia mirefu. Sisi alituachia upande wa mlango. "Choreni mnachokijua," alisema. Mimi nilimjua balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mkali aliyekagua usafi wa mitaro, basi nikamchora yeye.

Balozi alikuja siku mbili kabla ya ufunguzi. Mgeni wa wilaya alikuwa ametangazwa, na yeye alitaka kuta tupu, safi. Alisimama akatazama, mikono mgongoni.

"Nani ameruhusu haya?"

Niliamini shangazi atarudishwa Mgwashi siku ileile, na kosa ni langu.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo," shangazi alisema. Hakuinama. "Ukisema nifute, nitafuta. Lakini watoto wameyatolea jasho."

Balozi alikuwa ameufikia mlango. Akainamia mchoro wangu.

"Na huyu nani?"

Hakuna aliyenitetea. "Ni wewe, babu," nikasema.

Akatazama tena, akavua kofia, akaipima kwa viganja. "Kofia yangu haina ukubwa huu," alisema kwa uchungu wa kweli. "Na miguu yangu iko wapi?"

"Nafasi iliisha."

Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua. Shangazi Raheli alikuwa anacheka, amejishika ukuta, machozi yanamtoka, udongo wa njano umemganda shavuni. Mama Zahara akamfuata, na mama, na mwisho balozi mwenyewe. Kuta hazikufutwa. Alichoomba ni miguu, na shangazi akamwongezea miwili mifupi.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo mama aliponieleza. Shangazi alikuwa amefukuzwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto, mumewe akamwambia arudi kwa nduguze. Mama alikuwa amelia kwa Mama Zahara kwamba wifi yake hali wala hasemi. "Yule Mama Zahara," mama aliniambia, "nusu ya harusi za mji huu alipika yeye. Njegere zimshinde?"

Tangu hapo nimewafikiria sana wanawake wale. Hawakumpa shangazi pole hata moja, maana pole zilikuwa zimemchosha. Walikubali kuonekana wapishi wabovu, mbele ya watoto wao na waume zao, kiangazi kizima, ili mwenzao apate mahali pa kuweka mikono yake.

Hakurudi Mgwashi. Chekechea ilipofunguliwa walimpa kazi ya kupika uji na kuwalea watoto wadogo, na akaifanya mpaka uzeeni. Walimwita Mama Raheli, kundi baada ya kundi. Aliitika, na jina la kila mmoja wao alilijua.