Mwanamume Aliyepiga Hodi Kwake

Nyanya yangu aliolewa mara ya pili kwa sababu ya nguzo. Nasema hivyo bila aibu, ingawa sentensi hii nimeiandika mara sita na kuifuta mara tano.

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, mama yangu akiwa wa pili, na nyumba yake hapa Ndhiwa ilikuwa inaanguka. Kwa desturi yetu Waluo, mjane hajengi nyumba mpya mpaka apatikane mwanamume wa kumrithi, ambaye husimamisha nguzo ya kwanza na kulala humo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa tayari. Alikuwa tayari kupita kiasi. Alishaanza kuingia kwa nyanya bila hodi, anafunua sufuria, anauliza nani amekula nini.

Siku ya soko nyanya alikwenda Migori na gunia la njugu, na alipomaliza kuuza akapita kwa fundi mmoja wa mbao aliyemjua kwa sura tu. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani. Alifanyia kazi yake kwenye ploti ya watu, na mwenye ploti alikuwa amemwambia ahame. Fundi hakujua Kijaluo, nyanya hakujua Kikuria. Walikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, na hicho ndicho wamezungumza miaka yote hii. Ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili. Ndoa yao haikutokea kwa lugha nyingine.

Mazungumzo yao ya siku ile nimeyasikia mara nyingi, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

"Fundi, una mke?"

"Alirudi kwao. Wewe unataka kiti ama unataka habari?"

"Nataka mtu wa kunisimamishia nguzo. Utalala sebuleni, kwa mkeka. Mbao zako utaweka kwangu. Mvua ikiisha, unaenda."

"Na hao watu wako wakinipiga?"

"Si una nyundo?"

Alikubali. Akasimamisha nguzo, akaezeka mabati, na mwishoni akatengeneza mlango wa mvule, mzito, wenye kitasa kizuri. Ufunguo ulikuwa mmoja. Akampa nyanya. Nyanya akamuuliza wake uko wapi.

"Mimi nitapiga hodi," akasema.

Mvua ikaisha, ikaja nyingine. Hakuna aliyemwambia mwenzake aende au abaki. Mkeka ulihama sebuleni, lini hasa sijui, na siku nilipouliza nilitumwa maji. Lakini hodi haikuhama. Nimekua nikimwona babu akitoka kwenye karakana yake, hatua kumi kutoka mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, anafika na kusimama. Mlango uko wazi, nyanya anamwona, kuku wanamwona. "Hodi." Anangoja. Wakati mwingine nyanya humaliza kwanza kuchambua mboga, ndipo aseme karibu.

Kuna wa ukoo wetu wanaoiita ndoa ya kuazima. Mrithi, wanasema, ni mgeni hata akizeeka. Akikaribia kufa arudishwe kwao, asije akazikwa kwenye boma la mtu mwingine. Mwaka huu babu alipotoka hospitalini Homa Bay, akiwa hawezi tena kusimama peke yake, maneno hayo yakaanza kusemwa kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimerudi kukaa nao baada ya chuo, nikisubiri kazi. Sikulala vizuri wiki nzima. Nilichukua daftari nikaandika kila kitu ambacho shemeji wa nyanya angeweza kusema, na mbele yake jibu langu: katiba, sheria ya ardhi, hata Kitabu cha Ruthu. Halafu nikaandika majibu yake kwa majibu yangu. Nikafanya mazoezi nyuma ya nyumba, mbele ya mbuzi.

"Unaongea na nani?" nyanya akauliza.

"Najiandaa."

"Na mbuzi amekubali?"

Walikuja Jumamosi. Walijua nyanya ni Msabato na kwamba siku hiyo yuko kanisani mpaka mchana. Nadhani naye alijua kwamba wanajua, kwa sababu asubuhi hiyo alinikabidhi ufunguo, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia yeyote. Alisema tu, "Babu yako anywe uji wote. Asikudanganye kwamba ameshiba."

Nilikuwa nikimnywesha nilipoona pikapu ikiingia langoni. Alishuka shemeji wa nyanya, sasa mzee wa kutembelea fimbo, pamoja na wanawe wawili. Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro. Sijui kwa nini godoro lile ndilo lililonitisha. Lilikuwa jipya, bado lina nailoni. Walikuwa wameifikiria starehe ya mgongo wa babu njia nzima mpaka kwao, na hawakufikiria kumuuliza.

Babu aliuona uso wangu. "Ni wao?"

"Ni wao. Babu, unataka kwenda?"

Alitazama mlango wake. "Mimi kule sina nyumba," akasema. "Nyumba ni hii."

Nikafunga. Ufunguo ukagonga kando ya tundu mara tatu kabla haujaingia. Hoja zangu zote zilikuwa kwenye daftari, daftari lilikuwa jikoni, na jiko letu liko nje.

Kitasa kikazungushwa. Kisha bega likasukuma. Mvule haukusogea.

"Fungua, msichana. Tumekuja kumchukua mzee."

Alisema kwa Kijaluo. Nilimjibu kwa Kiswahili, babu asikie kila neno. "Hujapiga hodi."

Mmoja wa wanawe akacheka. "Huyu ndiye alisomeshwa?"

"Hapa ni kwa ndugu yangu," mzee akasema. "Nipige hodi kwa ndugu yangu?"

"Ndugu yako alishazikwa nyumba hii ilipojengwa. Aliyeijenga yuko hapa ndani, na yeye hupiga."

Sauti yangu ilipanda ikawa kama ya mtoto. Iliniudhi, lakini sikuirudisha. Niliwaza chifu, niliwaza laana, niliwaza kwamba huenda desturi ina sababu nisiyoijua na kwamba mtu asiye na kazi hana haki ya kumfungia mzee mlango. Niliwaza yote hayo, na ufunguo sikuugusa.

"Hodi," akasema hatimaye.

"Hapana," nikasema.

Nafikiri hakuwahi kujua kwamba hilo nalo ni jibu.

Waliketi nyuma ya pikapu, kando ya godoro lao, wakamngoja nyanya. Alirudi saa saba, Biblia kwenye mkoba. Kupitia dirishani nilimwona akiwasalimia mmoja mmoja, kwa adabu zote.

"Shemeji, mjukuu wako ametufungia nje."

"Nimeona."

"Huyu mtu akifia hapa, ataleta balaa kwa boma."

"Atalala pale, kando ya karakana. Nilishamwonyesha, akalalamika kwamba pana mawe. Siku hiyo mkitaka kuja kuchimba, mtakula kwangu. Leo rudisheni godoro dukani, nailoni haijachanika."

Kisha akaja mlangoni, akakuta umefungwa. Ufunguo ulikuwa kwangu. Nyanya akasimama mahali ambapo babu amesimama miaka yote hii. Nilinyoosha mkono nifungue, babu akanizuia kwa kidole.

"Hodi," akasema nyanya, na wale wa pikapu wakisikia.

Babu alimaliza kwanza uji uliobaki kikombeni. Aliunywa wote, akafuta mdomo.

"Karibu," akasema, nami nikafungua.