Nilisomea jinsi dawa inavyoingia kwenye ubongo, dada yangu akaacha kuimeza

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za mchana. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi. Jina la dada tu ndilo nimebadilisha.

Mimi ni wa Tlawi, Mbulu. Dada yangu mkubwa, nimwite Paskalina, ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa na kifafa tangu shule ya msingi.

Vidonge vya zahanati vilimsaidia sana. Shida yake ilikuwa usingizi tu.

Kwa ajili yake nikasoma famasia. Miaka ile Manyara imetoka tu kukatwa kutoka Arusha, nikapata nafasi ya masters nje ya nchi.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, msinichoke. Mishipa ya damu ya kichwani ina ukuta wa chembe hai zilizobanana kweli kweli. Dawa nyingi zinagonga pale, haziingii kwenye ubongo.

Sisi tulichukua chembe hizo kwenye ubongo wa nguruwe kutoka machinjioni, tukazikuza juu ya utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ndani ya kikombe kidogo. Unaweka dawa juu, unasubiri, unapima kilichofika chini.

Zinadeka hizo! Zinataka joto kama la mwili na chakula safi. Fangasi wakiingia unamwaga zote, unaanza upya. Nimemwaga sana, wakuu.

Nilikuwa natafuta dawa ya kifafa ambayo ingepita ule ukuta bila kumlaza mtu.

Huku nyuma Paskalina akaolewa Hirbadaw, kule Hanang, kwa Wabarbaig wafugaji. Mimi nilidhani mume anajua. Kumbe mama aliwakataza wote nyumbani kusema. "Wakijua, watamrudisha." Dada akawa anaficha vidonge kwenye gunia la mahindi.

Siku moja akanipigia, amepanda kilima kutafuta mtandao.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vipi hizo chembe zako?"

"Safari hii zimeshikana vizuri. Dawa inapita."

Akacheka. "Basi fanya haraka. Hizi zangu zinanilaza, ng'ombe wanaingia shamba la watu. Mama mkwe ananiita mvivu."

"Dada, usiache kumeza. Ukikata ghafla ni hatari."

"Nimesikia."

Hakuniambia kwamba alikuwa ameshaanza kuruka siku.

Baada ya simu ile, siku moja alienda kuchota maji peke yake. Akaanguka, uso ukaingia kwenye maji. Walisema hayafiki hata magotini.

Nilifika ameshazikwa. Shemeji yangu alikuwa amekaa karibu na zizi, fimbo imelala chini. Mama yangu naye alikuwa pale pale. Nikamweleza shemeji ugonjwa wa mke wake, kwa mara ya kwanza.

Aliokota ile fimbo, akaifuta vumbi.

"Shemeji, mimi nilijua ni uvivu," akasema. "Nilimgombeza. Ningeambiwa, ng'ombe wangechungwa na mtu mwingine. Maji ningemsindikiza mwenyewe."

Halafu akamgeukia mama. "Mlidhani ningemrudisha?"

Mama alijifunika shuka usoni.

Masters nilimaliza. Ile dawa ilipita ukuta vizuri tu, lakini baadaye tukaona inaua chembe zenyewe. Ikaishia kwenye friji.

Sasa niko dirisha la dawa huku huku Manyara. Akija mgonjwa wa kifafa namuuliza, nyumbani nani anajua? Akisema hakuna, namwomba aje na mtu wake safari ijayo. Wengine hawarudi, na hilo linaniuma.

Nilichojifunza: usingizi wa dawa unazungumzika. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Lakini mtu hawezi kuomba msaada kwa ugonjwa aliokatazwa kuutaja. Kabla ya ng'ombe wa mahari kuhesabiwa, mume au mke aambiwe, na aoneshwe namna ya kumsaidia mtu akianguka.

Mliowahi kuwaambia wakwe jambo kama hili, mlianzaje? Andikeni hapa hata kama ni mistari miwili. Najua kuna mtu anasoma huu uzi kimya kimya na harusi yake iko karibu.