Kitambaa Juu ya Ekstensheni

Nauza vifaa vya umeme katika duka dogo Manundu. Niliishia darasa la saba, na kuongea mbele za watu hunipa shida, lakini kazi hii naijua. Mzee mwenye duka alinifundisha kwamba boksi jipya likifika, kabla ya kupanga chochote, tutoe kimoja, tukwangue kipande cha plastiki kwa kisu na kukishika kwenye moto wa mshumaa. Ukikiondoa motoni, plastiki nzuri huzimika yenyewe. Mbaya huendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto. Tunatazama pia alama ya ubora. Iwe imechongwa kwenye plastiki yenyewe, si karatasi ya kubandikwa.

Siku moja lilikuja boksi la ekstensheni nyeupe zenye taa nyekundu, zinapendeza. Alama ilikuwa ya karatasi, ikabanduka kwa ukucha. Nilichoma kipande, kikawaka mpaka mwisho, matone yakatoboa gazeti nililotandika. Nikalisukuma boksi chini ya kaunta lirudishwe lilikotoka.

Kesho yake akaja bibi yangu, mama yake mama, kutoka Kabuku. Alikuwa amekuja kliniki ya presha, akapita dukani kununua ekstensheni ya friji lake la kuuzia barafu. Nikampa nyeusi. Akachungulia chini ya kaunta.

"Na hizo nyeupe?"

"Hizo zinarudishwa, bibi."

"Kwa nini?"

Kulikuwa na wateja wanne, wote wananitazama. Nilitaka kueleza habari ya matone, maneno hayakutoka.

"Zina kasoro kidogo."

"Mnamwona huyu mke mwenza wangu," aliwaambia wateja. "Amezoea mji. Mimi ananipa nyeusi, nzuri anawafichia wenzake."

Walicheka. Nami nikacheka kwa aibu, nikamfungia nyeupe. Nilijiambia Jumapili nitakwenda kuibadilisha. Jumapili ile mvua ilinyesha. Ya pili haikunyesha, na sikwenda.

Bibi alikuwa na kawaida ya kufunika kila kitu kizuri kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Redio ilikuwa na chake, friji chake, mtungi wa maji chake. Ekstensheni nayo aliifumia cha rangi ya waridi. Mchana mmoja, akiwa uani anafunga barafu kwenye vifuko, chumba kilishika moto. Aliingia kuokoa kikapu chake cha nyuzi. Majirani walimtoa akiwa hai, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeungua. Vidole vilipopona vilikuwa vimejikunja, haviwezi kushika sindano wala kikombe.

Sasa anakaa kwetu, kwa mama. Kila anayekuja kumpa pole humwambia, "Kosa ni langu. Niliifunika, ikakosa hewa." Nikisikia hivyo huwa nakusanya vyombo na kwenda jikoni.

Mwezi uliopita aliniita. "Mke mwenza, wajomba zako wakimaliza kukijenga upya kile chumba, uniletee tena ile nyeupe. Safari hii sitaifunika."

Boksi lilikuwa limesharudishwa, dukani ilikuwa imebaki moja tu, ile niliyoikwangua. Niliileta nyumbani. Nikaketi karibu na kitanda chake, nikawasha mshumaa, nikakata kipande na kukichoma juu ya sahani ya bati. Nilikiondoa kwenye mshumaa. Kiliendelea kuwaka, tone baada ya tone, moshi mweusi ukapanda. Bibi alitazama mpaka kikaisha.

"Kwa hiyo si kitambaa," alisema.

"Plastiki nzuri ingezimika, bibi. Hii haizimiki."

"Ulijua siku ile, dukani?"

Nilizima mshumaa.

"Nilijua."

Hakunigombeza. Alisema anasikia kiu ya chai. Tangu atoke hospitali, jioni nikirudi kazini mimi ndiye humshikia kikombe. Nilinyanyuka kwenda kuimimina.

"Kaa tu," alisema, akamwita mama.