Vipande vya Boksi Nilivyobandika Kanazi

Nakumbuka asubuhi ile niliyomwona wifi yangu akinyanyua kazi ya mikono yangu kwa kijiti, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama mtu anayetoa mjusi aliyekufa ndani ya nyumba. Nilikuwa nimetoka kunawa uso uani, natembea polepole huku nimeshika tumbo. Hakuniona. Alikidondosha kile kipande ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akatoka kwa mlango wa mbele na kupotelea kwenye migomba. Sikumwita. Nilisimama pale mlangoni nikajiuliza, anakipeleka wapi?

Mwanangu, wewe uliyerudi juzi kutoka hospitali na kuambiwa ukae tu, keti nikusimulie. Mimi pia nimewahi kukaa.

Wakati huo nilikuwa kijana, mke mgeni katika ukoo wao. Mimi ni mzaliwa wa Muleba. Mume wangu, Deo, kwao ni Kanazi, lakini tulipanga chumba Muleba kwa ajili ya kazi yake ya kuvusha dagaa kutoka kisiwa cha Goziba. Tumbo likaanza kuniuma. Nililituliza kwa dawa za dukani mpaka siku nilipoanguka nikichota maji, watu wakanibeba. Hospitalini wakanipasua. Nilipozinduka, daktari alinieleza bila haraka kwamba palikuwa na uvimbe kwenye ovari moja, umejisokota, nao wameuondoa pamoja na ovari hiyo. "Ya pili ni nzima," aliniambia. "Unaweza kuzaa. Ila usibebe maji, usilime, usiinue hata kikapu cha ndizi mpaka nikuruhusu."

Mimi nilielewa. Deo naye alielezwa, akaelewa, lakini kumtamkia mama yake neno ovari hakuweza. Aliponifikisha Kanazi ili nipate wa kuniuguza, alisema tu, "Mama, wametoa kitu tumboni. Anatakiwa kupumzika." Halafu akarudi Goziba, ambako siku zile simu ilishika mtandao pale tu mtu alipopanda kwenye mawe ya juu.

Hilo neno "kitu" likabaki mle ndani pamoja nami.

Mama mkwe wangu, Ma Paskazia, niliyemwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya, alikuwa mjane, mtu wa kanisa na wa kazi. Sitamsema vibaya. Alinichemshia maji, akaniosha mgongo, akanipikia uji wa ulezi. Siku ya kwanza kabisa aliniomba radhi kwamba anatembea polepole, mguu wake wa kushoto umeanza kuvimba. Lakini kila alipomaliza kunihudumia alisimama kidogo akilitazama tumbo langu, mdomo ukafunguka kama anayetaka kuuliza, kisha ukafumba.

Nawe unajua kibanja kilivyo, shamba la migomba mlangoni pa nyumba. Hakuna mwanamke anayekaa. Koku, wifi yangu, alipita dirishani kwangu na jembe, akapita na ndoo, akapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, nami nimekaa. Siku zikaanza kufanana. Nikiulizwa jana nilifanya nini, sikuwa na jibu. Nikaona nisipofanya chochote nitayeyuka pale kitandani.

Nilichana boksi la dawa zangu nikapata vipande vya ukubwa wa kiganja. Uji wa muhogo ukiwa mzito unashika vizuri kuliko gundi ya dukani. Nikabandika jani kavu la mgomba, nikalipasua katikati, nikalishona kwa uzi wa bluu. Basi. Siku hiyo nikawa nimefanya kitu. Kesho yake nikabandika maganda ya kahawa na udongo mwekundu. Siku nyingine mabawa ya senene, masizi ya sufuria, ganda la yai, bluu ya kufulia, kipande cha gazeti. Kimoja tu kwa siku, kwa sababu nguvu zilitosha kimoja. Nilivikausha dirishani, halafu nikavilaza chini ya godoro.

Koku alivikuta siku alipokuja kubadilisha shuka. Sikuwepo chumbani. Najua ni siku hiyo kwa sababu kuanzia jioni yake mambo yalibadilika.

Kwanza, sahani yangu ikatengwa. Kwetu tulikula pamoja, ndizi na maharage zimepakuliwa juu ya jani moja, kila mtu na upande wake. Sasa nikaletewa changu chumbani. "Ili usijisumbue kuinuka," Koku alisema bila kunitazama. Nilipoingia jikoni kusaidia kumenya ndizi, Ma Paskazia alinipokonya kisu. Jirani aliyezoea kuja kunijulia hali sasa aliongea nao nje ya ua, sauti chini, na nilipojitokeza wote wakaanza kuzungumzia mvua. Vipande vyangu vikaanza kupungua. Nikavihamishia nyuma ya sanduku. Vikapungua na huko.

Mguu wa Ma Paskazia ukazidi kuvimba. Nikamsikia Koku uani akimwambia, "Mama, nguo yako imo. Na nywele zimo, na mabawa, na uzi umefungwa. Unataka uone nini tena?"

Hapo nikaelewa walichodhani. Lakini sikutoka nje kusema neno, mwanangu, maana nami nilikuwa nimeshaanza kudhani yangu. Niliamini Koku anavipeleka kwa mganga. Niliamini wanatafuta namna ya kunirudisha kwetu kabla Deo hajarudi, ili akifika aambiwe nimeondoka mwenyewe. Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikautazama uji niliokuwa nikiletewa, nikauona una rangi ambayo haukuwa nayo jana. Nikaanza kuumwaga dirishani. Nikala ndizi mbivu tu, zile nilizomenya mwenyewe. Mwili ukalegea, mshono ukaanza kutoa maji upande mmoja. Nikajiambia, unaona? Wamekwisha anza.

Ndivyo tulivyoishi: wao wakiogopa mikono yangu, mimi nikiogopa sufuria yao.

Kisha siku moja baada ya misa ikaingia bodaboda uani, na juu yake Ma Yustina, shangazi yake Deo, kutoka Izimbya. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, mwenye kusikia vizuri kuliko watu wote. Mkononi ameshika ule mfuko wa plastiki. Kumbe si kwa mganga. Koku alikuwa akivipeleka Izimbya.

Nikapiga magoti kumwamkia. "Kasinge, waitu."

Akaitikia, akaniangalia sana usoni. "Umekonda. Hawakulishi?"

Ma Paskazia akaharakisha kumkaribisha ndani. Ma Yustina alipewa kahawa ya kutafuna, akatia punje mdomoni, akasema tukae sote sebuleni. Akaufungua mfuko, akavipanga vipande vyangu mkekani, kimoja kimoja, kwa vidole vyake mwenyewe. Koku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hivi ni vya nani?"

"Ni vyangu, shangazi."

"Unavifanyia nini?"

"Sivifanyii kitu. Nabandika tu."

Koku akacheka kwa pua. "Nywele na mabawa na nguo ya mama. Anabandika tu!"

"Nimemuuliza yeye," Ma Yustina alisema. Akachukua kile cha jani la mgomba. "Hiki?"

"Huo ni mshono wangu. Sikuweza kuutazama mwilini. Nikaushona hapo kwanza, ndipo nikathubutu kuutazama."

"Na hizi nywele?"

"Ni zangu. Zilitoka nyingi siku niliyopata homa, zikajaa kwenye chanuo. Niliogopa. Nikazibandika zikawa mawimbi, hapo ni ziwani, upande aliko Deo."

Alikigeuza kile kipande huku na huku, akakiweka chini. Akachukua kingine, kile cha kitenge cha njano. Nilimwona Ma Paskazia akishika rozari yake mfukoni.

"Na nguo ya mkweo?"

"Ile siku ya kikohozi," nikasema, "nilidhani tumbo litapasuka. Mawe alikuja akachana kitenge chake, akanifunga kwa nguvu, akanishika mpaka kikohozi kikaisha. Kulibaki kipande kidogo sakafuni. Sikutaka kitupwe. Hiki ni yeye amenishika."

Ma Paskazia alikitazama kile kitambaa chake kwa muda mrefu, kisha akasema, bado hajainua macho, "Nilidhani umekata nguo yangu ili unikate mguu."

"Mguu ulikuwa umevimba siku niliyofika, Mawe. Uliniambia mwenyewe."

"Nilikwambia," alisema taratibu. "Ni kweli, nilikwambia." Kisha, kwa sauti ambayo nilitambua ameishikilia tangu siku ile Deo aliponileta, akauliza, "Walitoa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kwa Kihaya, maneno ambayo mwanawe aliona aibu kuyasema, na kwamba daktari amesema nitazaa.

"Mbona gulioni wanasema wametoa kizazi?"

Ma Yustina akapiga kofi sakafuni. "Nani wa gulioni aliyeingia chumba cha upasuaji? Paskazia, mgonjwa mnatenganishwa na ukuta mmoja, habari zake unakwenda kuzitafuta sokoni! Na wewe Koku, umenipigisha safari kwa jambo ambalo ungelimaliza kwa kusema, dada, hiki ni nini?" Nikadhani mimi nimepona. Akanigeukia. "Na wewe. Uliona watu wanakuogopa, ukazidi kuficha. Umelala juu ya nywele na mabawa na nguo ya mtu. Hata mimi ningekuogopa. Chakula unamwaga wapi?"

Nilishtuka. "Dirishani."

"Nimeuona uji umegandia kwenye majani. Mikono yako wanaiogopa, nawe unaiogopa yao. Sasa leteni ndizi, amenye huyu, apike yule."

Nikamenya mimi, akapika Koku. Chakula kikamwagwa juu ya jani moja, mvuke ukapanda, tukakaa tukikitazama. Ma Yustina hakugusa. Alitungoja. Mwishowe Ma Paskazia alikata tonge upande wangu, akatia mdomoni, akatafuna. Nami nikakata la upande wake. Koku alikuwa wa mwisho, na alichukua pale pembeni kabisa, kidogo kama cha ndege.

Juma lile tulikwenda zahanati pamoja, mimi na mkwe wangu. Mimi nikasafishwa mshono na kupewa dawa. Yeye akapimwa, akaambiwa ni presha, na kwamba alichelewa kuja.

Tangu hapo nilibandikia sebuleni, mchana, mlango wazi. Mwanzoni Ma Paskazia alikaa mbali, rozari mkononi, akinitazama nilivyochanganya udongo na masizi. Siku moja alitoka kibanjani akaniwekea kitu magotini bila neno. Lilikuwa gamba la konokono, zima, limeng'arishwa na mvua. "Hili halikufai?" akauliza. Nikamwambia linafaa sana. Nikalibandika pale pale mbele yake, naye akashikilia mpaka uji ukakauka.

Deo aliporudi kutoka kisiwani nilimpa maneno yake, lakini hayo ni yetu wawili. Mtoto hakuja haraka. Alikuja binti, baadaye sana, na Ma Paskazia alikuwa hai kumpokea.

Lakini nisikudanganye kwamba kila kitu kilisafishwa. Vipande vingine vilirudi kwenye mfuko ule, vingine havikurudi. Nilipomuuliza Koku alisema alichopeleka Izimbya ndicho alichochukua, zaidi ya hapo hajui. Hakuna mwingine aliyeingia chumbani mle. Mpaka leo tunasalimiana vizuri, tunasaidiana kwenye misiba, na nikikaa kubandika kitu mbele yake, namwona anavyotazama kwanza kilichomo kabla hajanitazama mimi usoni. Nimejifunza kuishi na jicho hilo. Si kila anayekushuku ataacha, hata ukimfungulia mfuko wote.

Sasa nikwambie ninachotaka ushike. Mwili uliopasuliwa unahitaji kupumzika, lakini usiuache moyo ulale nao. Kila siku tengeneza kitu kimoja kidogo kwa ulichonacho: karatasi, uzi, majani, masizi, chochote. Kikiwa kibaya, si kitu. Kesho utafanya kingine. Ukichoka, acha. Ila kifanye mahali pa wazi, na anayekuuguza mwambie hiki ni nini kabla hajakwenda kuuliza kwa majirani. Mwambie pia ulichopasuliwa, kwa maneno kamili, usimwachie mumeo wala kaka yako amsemee kwa nusu. Na ukisikia moyoni kwamba mtu anakufanyia hila, usimwage chakula chake dirishani. Mfuate umuulize, mchana, akiwa anakuona. Ukikuta ni kweli, utaondoka ukijua. Ukikuta si kweli, mtakula.

Mungu aufunge mshono wako usiache maumivu ndani. Akurudishie nguvu za kubeba ndoo yako mwenyewe. Akuweke kati ya watu wanaouliza kwa mdomo wao, wakingoja jibu kutoka kwako. Na mikono yako, mwanangu, aibariki, hata pale ambapo wengine wataitazama vibaya.