Kichwa Kilicho Juu ya Kabati

Mzee huyu ni fundi wa kutengeneza maiti bandia za filamu za kutisha, na kichwa cha mwanamke alichokitengeneza kwa mpira miaka thelathini iliyopita bado kinakaa sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kila Jumapili hukishusha, akakilaza mapajani na kukipachika kwa sindano nywele zilizong'oka, unywele mmoja mmoja. Vidole vinavyovunja vikombe vya watu hapo huwa laini kama pamba. Sindano ikizama sana, hukiambia kichwa, "Pole, mama." Mkewe, anayekatakata vitunguu pale pale, husonya, yeye hakumbuki aliambiwa pole lini.

Jumapili hii binti yao aliiweka kwenye runinga filamu ambayo kichwa hicho kilitengenezewa. "Baba, siku hizi haya yote ni kompyuta. Damu gani hii, si rangi tu?" Alicheka mpaka kichwa kile kwenye runinga kilipofumbua macho taratibu, jicho moja likichelewa. Akaruka, chai ikamwagika. Fundi hata runinga hakuitazama. Alimtazama binti, huku akikipapasa kichwa shavuni.

"Bado anaweza kushtua watu," alisema.

Mkewe akaweka kisu chini. "Na mimi nafumbua macho ubavuni mwako miaka yote hiyo," akasema. "Hujashtuka hata siku moja."