Mkwe Anayetema Ramu

Mume wangu Haron Nyamweya anaonja pombe kwa mshahara na hajawahi kulewa. Ni Msabato wa kuzaliwa. Hoteli moja mjini Kisii ilimpa kazi ya stoo, na kwa kuwa pua yake inajua maziwa yatachacha kabla ng'ombe hajakamuliwa, wakamwongezea kazi ya kuonja vinywaji vinapoingia. Ramu ndiyo anayoijua zaidi, ile ya miwa iliyokaa miaka kwenye mapipa ya mbao. Anaweka tone mdomoni, analizungusha, anatema kwenye kopo. Kanisani wapo wanaomsengenya. Mimi huwauliza kama mpishi wa shule hushiba kwa kuonja chumvi.

Baba yangu, mzee Onyiego wa Magwagwa, alimcheka kuliko wote. Baba ni Mkatoliki, na chake hukimeza. Lakini alimcheka kupitia kwangu, kwa sababu sisi Wakisii tuna chinsoni, ile haya ya lazima kati ya mtu na mkwewe. Haron hamtazami baba usoni, hamgusi, hakai karibu naye. Miaka yote ya ndoa yetu wamesalimiana wakiangalia migomba.

Siku hiyo tulikwenda kusaidia, maana wageni wa mahari ya dada yangu Natasha walikuwa waje kesho yake. Baba alitaka chupa moja ya heshima kwa mkubwa wao. Haron alileta mbili kutoka hotelini, ramu ya miaka mitatu na ya miaka minane. Baba naye alikuwa amenunua yake jana yake kwa mchuuzi, alipokwenda msibani Masimba. Lebo ilisema miaka kumi na miwili. Tulipofika ilikuwa imeshafunguliwa, tena imepungua sana.

"Mwambie mumeo azilinganishe," baba akaniambia kutoka kiti chake cha pembeni. "Aone yangu ilivyozizidi zake umri." Kisha akafikicha macho. "Leo ukungu umekaa. Hata migomba siioni."

Niliendelea kuchambua mboga, maana ukungu Magwagwa si habari.

Haron akapanga glasi tatu dirishani. Ya miaka mitatu ilinukia muwa uliokatwa sasa hivi, ikamchoma ncha ya ulimi na kuishia hapo. Kwa ya minane alitulia. Sukari iliyoungua, ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu mbao. "Kama karakana ya seremala," akasema kwa furaha, na nikaona amesahau kwamba yuko ukweni. Akainua ya baba. Rangi yake ilikuwa nzito kama chai ya rangi. Akanusa. Akanusa tena. Akaonja, akatema, kisha akasukutua kwa maji, akarudia kusukutua, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya.

"Mama Bravin, hii haijawahi kuona pipa," akaninong'oneza. "Ni rangi na sukari juu ya spiriti, na sijui ni spiriti gani. Sumu yenyewe ulimi hauitambui. Muulize mzee amekunywa kiasi gani."

Niligeuka kumuuliza, na ndipo nilipotazama nje ya mlango. Jua lilikuwa linawaka uani. Majani ya chai yaling'aa mpaka chini bondeni, na migomba ilikuwa pale pale, kila mkungu unaonekana. Hakukuwa na ukungu wowote.

Nimezaa mara tatu na sijawahi kuogopa vile.

Nikampigia binamu yangu Nyanchoka, ambaye ni nesi mjini. Hakunipa nafasi ya kulia. "Mleteni saa hii. Hiyo spiriti mbaya inamaliza macho kwanza. Mko na pombe safi hapo, ya ukweli? Mpeni kidogo mkikuja, itazuia ile sumu mpaka tumpate. Lakini mkikosea chupa, Rose, mtakuwa mmemmalizia nyinyi wenyewe."

Haron alikuwa amesikia yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sasa hata chupa alizozileta mwenyewe alizitazama kama wezi. Akaonja ya miaka minane, akasema ulimi umejaa woga, hausikii kitu. Nikamwambia kwa ukali ausikilize tu. Akafumba macho. Nje, Andrew, jirani wa baba niliyemwita mbio, alikuwa ameshawasha gari.

"Mbao ipo," akasema mwishowe. "Ni hii."

Tukamwingiza baba garini. Kikombe kilipomgusa midomo, akakisukuma. "Ni nani ananipa?"

"Ni Haron, baba."

"Basi anywe kwanza. Na asiteme. Chupa moja imeshanidanganya."

Ni desturi yetu: anayekupa kinywaji hukionja kwanza, ujue hana nia mbaya. Nilimtazama mume wangu, na yeye hakumtazama mtu. Akameza. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamshika baba kidevu, akaegemeza kile kichwa cheupe kifuani pake na kumnywesha polepole. Sikumwona akisita.

Njiani baba aliuliza kama tumeingia ndani ya wingu. Nilimjibu ndiyo. Ningemwambia nini?

Hospitalini walimchukua mbio kwenye mashine ya kusafisha damu, nasi tukabaki na kopo tupu la Haron ambalo sijui nililibeba kwa nini. Asubuhi walituruhusu kuingia wodini kwake. Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea dari, na niliogopa kuuliza. Daktari alikuwa amesema wengine hupona roho wakaacha macho. Haron akakaa ukingoni mwa kitanda bila kutoa sauti, akayakodolea yale macho kama anavyokodolea glasi dirishani. Nilitaka kumvuta shati nimkumbushe adabu. Nikaogopa hata kukohoa.

"Roselyne," baba akasema, "mwambie mumeo ageuze uso. Mkwe hatazamwi hivyo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Haron yumo.

Haron akainamisha kichwa upesi, kwa adabu zote, na machozi yakamdondokea kwenye viatu.